Namna ya kufundisha imani za Wayahudi, Wakristo na Waislamu juu ya Masiya: mwongozo kwa wasimamizi wa vikundi mjini Lubumbashi

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa dini, katekista, kiongozi wa shirika au msimamizi wa kikundi cha vijana ambaye ametakiwa, iwe katika mitaa ya Katuba, Kenya, Ruashi au penginepo mjini Lubumbashi, aeleze mbele ya watu wa imani mbalimbali yale ambayo Wayahudi, Wakristo na Waislamu wanasadiki juu ya Masiya. Kazi hii huharibika mara nyingi tangu sentensi ya kwanza, kwa sababu msimamizi huanza kwa kuuliza kama Yesu ndiye Masiya au siye. Myahudi hujibu kwamba siye, Mwislamu hujibu kwamba ndiye, na wasikilizaji hurudi nyumbani wakidhani kwamba Mwislamu na Mkristo wamepatana na kwamba Myahudi peke yake ndiye aliyebaki nje, ilhali katika kukataa kwamba Mungu anaweza kuzaliwa na mwanamke, Myahudi na Mwislamu husimama upande mmoja. Swali linalofaa kutangulia ni jingine: Masiya anatazamiwa kufanya kazi gani? Ukiwafikisha watu kwenye swali hilo na kuwazuia wasilikimbie, sehemu kubwa ya somo itajieleza yenyewe, kwa maana dini hizi tatu zinatumia cheo kimoja, lakini kila moja imemwekea mwenye cheo hicho kazi yake.

Matayarisho

Tafuta Biblia na Korani zenye tafsiri ya Kiswahili, kisha uchunguze ni nani aliyezitafsiri. Kwa upande wa Biblia inatosha ukumbuke kwamba ile ya Wayahudi haina Agano Jipya, na kwamba wao wenyewe hawaiiti Agano la Kale. Kwa upande wa Korani jambo hili ni zito zaidi. Tafsiri ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 1923 ilikuwa kazi ya Godfrey Dale, mmisionari wa Kianglikana. Ile ya 1953 ilitolewa na jumuiya ya Ahmadiyya, ambayo mafundisho yake juu ya Masihi hukataliwa na Waislamu walio wengi. Na ile ya 1969 ni ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, mwanachuoni wa Kisunni kutoka Zanzibar. Maelezo ya watafsiri hao yanapofika kwenye mwisho wa Isa, yaani Yesu, hayakubaliani, kwa hiyo mtu anayesoma maelezo ya Ahmadiyya akidhani kwamba anasoma mafundisho ya Waislamu wote atawapotosha wenzake bila kukusudia.

Kuhusu siku ya kukutana, kumbuka kwamba Ijumaa adhuhuri Waislamu wako msikitini, kwamba Sabato ya Wayahudi huanza Ijumaa jua linapotua na kwisha Jumamosi usiku (Waadventista nao huishika), na kwamba Jumapili asubuhi hakuna Mkristo wa Lubumbashi atakayekuitikia. Jumapili alasiri, au jioni ya katikati ya juma, haimfungii mtu mlango. Ikiwa ni mwezi wa Ramadhani, maliza mapema ili watu wawahi futari.

Jambo linalohitaji uangalifu mkubwa kuliko yote ni kwamba chumbani mwako watakuwapo Wakristo wengi, pengine Waislamu kadhaa, na kwa uwezekano mkubwa hatakuwapo Myahudi hata mmoja. Sinagogi la Lubumbashi, lililojengwa karibu mwaka 1930 mji ulipokuwa ungali ukiitwa Élisabethville, bado limesimama, lakini jumuiya iliyolijenga, ambayo watu wake wengi walitoka kisiwa cha Rhodes na ambayo rabi Moïse Levy aliiongoza tangu 1937, ilipungua sana baada ya uhuru. Ndugu zao waliobaki Rhodes walikamatwa na Wajerumani mwezi wa Julai 1944 wakapelekwa Auschwitz, na wengi wao waliuawa huko. Mtu asiyekuwapo ndiye anayesemewa uongo kwa urahisi, na anayemtetea ni msimamizi. Chagua basi Mkristo mmoja na Mwislamu mmoja, uwape maandiko ya Kiyahudi wayasome kwa sauti, na uwakataze kuongeza maneno ya aina ya «lakini sisi tunaamini» mpaka usomaji umalizike. Usikubali pia kwamba baragumu za pembe na bendera za Israeli ambazo baadhi ya makanisa ya uamsho hupenda kuzitumia zihesabiwe kuwa sauti ya Wayahudi. Anayezitumia ni Mkristo, na imani yake juu ya Masiya ni ya Kikristo.

Anza na Wayahudi, na usiwapitie haraka

Wakristo wengi hudhani kwamba imani ya Kiyahudi juu ya Masiya ni Ukristo uliokatwa nusu, yaani kungojea tu bila kupokea. Ili kuliondoa wazo hilo, anza na mafuta, kwa kuwa neno Masiya maana yake ni aliyepakwa mafuta. Katika Biblia ya Kiebrania aliyepakwa mafuta ni mfalme au kuhani: Samweli alimpaka Sauli, kisha Daudi, na hata Koreshi mfalme wa Uajemi, ambaye hakuwa Mwisraeli, anaitwa mpakwa mafuta wa Bwana katika Isaya 45:1, kwa kuwa kwake yeye Wayahudi walipata ruhusa ya kurudi kutoka uhamishoni. Acha aya hiyo iwashangaze watu kwa muda. Inaonyesha kwamba cheo hiki, mwanzoni kabisa, hakikuwa na maana ya mtu wa mbinguni. Kilikuwa cha mtu wa duniani aliyepewa kazi duniani.

Kisha soma ahadi zenyewe. Katika 2 Samweli 7 Daudi anaahidiwa kiti cha enzi kisichokoma. Katika Isaya 2 mataifa yanafua panga zao kuwa majembe. Katika Isaya 11 chipukizi la Yese linahukumu maskini kwa haki, na dunia inajaa kumjua Mungu. Katika Ezekieli 37 watu waliotawanyika wanakusanywa na patakatifu pa Mungu panakuwa katikati yao. Andika ubaoni kazi zinazotokea humo: kukusanya uhamisho, kurudisha ufalme wa ukoo wa Daudi, kujenga Hekalu ambalo Warumi walilibomoa mwaka 70, kuleta amani kwa mataifa. Sasa waulize wasikilizaji kama kazi hizo zimekamilika. Hawatahitaji kuambiwa kwa nini Myahudi hasadiki kwamba Masiya amekwisha kuja. Wataona kwamba anatazama hali ya dunia na kuhesabu yaliyosalia.

Mwalimu atakayekusaidia kuliko wengine hapa ni Moshe ben Maimon, anayejulikana zaidi kwa jina la Maimonides, aliyezaliwa Cordoba mwaka 1138 na kufa Misri mwaka 1204. Alipopanga misingi kumi na mitatu ya imani ya Kiyahudi, aliweka wa kumi na mbili kuwa kumsadiki Masiya na kumngojea hata akikawia. Lakini katika kitabu chake cha sheria anasema kwamba Masiya halazimiki kutenda miujiza wala kufufua wafu, na anatoa mfano wa Bar Kokhba, aliyeongoza vita dhidi ya Warumi kuanzia 132 hadi 135: rabi Akiva, mmoja wa walimu wakubwa kabisa wa Kiyahudi, alimdhania kuwa ndiye mfalme Masiya, asimwombe ishara, na Bar Kokhba alipouawa ikajulikana kwamba siye. Kigezo hiki ni cha wazi mno. Anayeuawa kabla ya kumaliza kazi si yeye, hata kama alikuwa mtu mwema na hata kama aliyemtambulisha alikuwa mwanachuoni mkubwa. Mkristo akikisikia ataelewa kwa mara ya kwanza kwa nini msalaba, ambao kwake ni kiini cha imani, kwa Myahudi umekuwa ushahidi wa kinyume.

Usifiche kwamba Wayahudi wenyewe hawafanani. Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mafundisho ya marabi wa kale, inamtaja pia Masiya mwana wa Yosefu, ambaye anauawa. Katika karne ya 17 Sabbatai Zevi alivuta Wayahudi wengi wa nchi nyingi hadi alipokamatwa na Waturuki na kusilimu mwaka 1666, na aibu ile iliwafanya marabi kuwa waangalifu sana. Wayahudi wa madhehebu ya Mageuzi, tangu karne ya 19, kwa kawaida husema juu ya zama za haki na amani zaidi kuliko juu ya mtu mmoja atakayekuja. Walio wahafidhina, kwa upande wao, huomba mara tatu kwa siku kwamba chipukizi la Daudi lichanue upesi.

Wakristo: usianze na Nikea

Kwa kuwa wasikilizaji wengi ni Wakristo, ungeweza kudhani kwamba sehemu hii haina kazi. Kwa maoni yangu ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu watu wameyazoea maneno hata hawayasikii tena. Wasomee Luka 24:21, ambapo wanafunzi wawili wanaokwenda Emau, hawajajua ni nani anayetembea nao, wanasema kwamba walikuwa wametumaini kuwa Yesu ndiye atakayewakomboa Israeli. Wasomee Matendo 1:6, ambapo mitume, baada ya ufufuko, bado wanauliza kama wakati umefika wa kuwarudishia Israeli ufalme. Wasomee Marko 8, ambapo Petro anakiri kwamba Yesu ndiye Kristo (ndilo neno Masiya kwa Kigiriki) na mara anakemewa, kwa sababu hawezi kuvumilia kusikia kwamba Kristo huyo atateswa. Hao wote walikuwa Wayahudi wenye matumaini yale yale uliyoyaandika ubaoni.

Imani ya Kikristo inaanzia hapo: kazi ya Masiya imegawanyika mara mbili. Kwanza amekuja kuteswa, kufa kwa ajili ya dhambi na kufufuka; ya pili, ambayo ni hukumu na amani kamili, itatimia atakaporudi. Ukiweka mgawanyo huu pembeni ya orodha ya Kiyahudi, tofauti itaonekana bila wewe kuitetea wala kuishambulia. Mkristo hasemi kwamba mbwa-mwitu amekwisha kulala na mwana-kondoo. Anasema kwamba aliyekwisha kuja atakuja tena kulitimiza hilo, na majuma manne ya Majilio kabla ya Noeli huwakumbusha Wakatoliki kuja kote kuwili.

Hapo ndipo utakapoingiza Mtaguso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, wa Nikea wa mwaka 325, uliotamka kwamba Mwana ana uungu ule ule wa Baba, na ule wa Kalkedonia wa 451, uliotamka kwamba yeye ni Mungu kweli na mtu kweli. Ni lazima uyaseme haya, kwa sababu cheo cha Masiya peke yake hakimfanyi mtu kuwa Mungu, wala katika Biblia ya Kiebrania wala katika Korani. Mkristo anaposema Kristo huwa amekwisha kuunganisha mambo mawili ambayo majirani zake huyatenga.

Kuhusu siku za mwisho Wakristo hawana sauti moja, na hapa Lubumbashi unaweza kuwapata wote katika barabara moja. Makanisa mengi ya uamsho hufundisha kwamba Yesu atatawala duniani miaka 1000 kamili kama Ufunuo 20 unavyosomwa neno kwa neno. Kanisa Katoliki halikubali fundisho hilo. Mashahidi wa Yehova hufundisha kwamba alianza kutawala mbinguni mwaka 1914. Taja tofauti hizi na usonge mbele. Ukikubali zijadiliwe, Mwislamu aliyekuja kusikiliza atakaa kimya mpaka kikao kiishe.

Waislamu: cheo kile kile, kazi nyingine

Katika Korani Isa anaitwa Masihi mara 11, zote katika sura ya 3, ya 4, ya 5 na ya 9. Wakristo wengi husikia habari hii kwa mara ya kwanza, na hufurahi mno. Usiwaache na furaha hiyo bila maelezo. Soma 3:45, ambapo malaika wanambashiria Maryamu mwana ambaye jina lake ni Masihi Isa. Kisha soma 4:171, na uisome yote. Mkristo hupenda kuishia pale Isa anapoitwa neno la Mungu na roho itokayo kwake. Mwislamu hupenda kuanzia pale inapoamriwa kwamba watu wasiseme «watatu», kwa kuwa Mungu ni mmoja na hana mwana. Ni aya moja, na anayeikata vipande viwili hajaeleza imani ya Mwislamu hata akikata kwa nia njema.

Korani inathibitisha kwamba Isa alizaliwa na bikira, kwamba aliponya wagonjwa na kufufua wafu kwa idhini ya Mungu, na kwamba aliletewa Injili. Haimpi kazi ya kukomboa watu kwa damu yake, kwa sababu katika Uislamu kila nafsi hubeba mzigo wake na Mungu husamehe bila kafara ya namna hiyo. Kwa sababu hiyo 4:157, inayokana kwamba aliuawa au kusulubiwa, na 4:158, inayosema kwamba Mungu alimwinua kwake, hazionekani kwa Mwislamu kuwa zimempunguzia heshima. Zinasema kwamba Mungu hakumwacha nabii wake mikononi mwa adui. Hapa ndipo penye mgogoro wa kweli kati ya Mkristo na Mwislamu. Juu ya cheo hawana ugomvi. Wanatofautiana juu ya uungu na juu ya msalaba.

Yaliyosalia ya kazi yake yanapatikana zaidi katika hadithi, yaani mapokeo ya maneno na matendo ya Mtume Muhammad, kuliko katika Korani, ingawa wafasiri wengi huiona kurudi kwake ndani ya 43:61. Kwa mujibu wa hadithi iliyomo katika mkusanyo wa mwanachuoni aitwaye Muslim, Isa atashuka penye mnara mweupe mashariki ya Dameski, na atamuua Dajali, masihi wa uongo, kwenye lango la Ludi, mji ambao upo hadi leo katika Israeli. Atafuata sheria ya Uislamu na hataleta mpya, na baadaye atakufa kama wanadamu wengine. Mahdi ni mtu mwingine, wa ukoo wa Mtume Muhammad, ambaye hatajwi ndani ya Korani. Ni kosa la kila mara kumchanganya na Masihi. Kwa Washia wa Maimamu Kumi na Wawili, Mahdi ni imamu wa kumi na mbili, aliyezaliwa katika karne ya 9 na ambaye bado yu hai ingawa amefichika.

Ipo hadithi, katika mikusanyo ya Bukhari na Muslim, isemayo kwamba Isa atauvunja msalaba na kumuua nguruwe. Usiitumie kufungulia mazungumzo, na isiwe wewe Mkristo unayeileta. Ikijitokeza, mwombe shehe au mwalimu wa madrasa aliyepo aieleze kama walimu wake walivyoieleza.

Waahmadiyya uwataje peke yao. Wao husadiki kwamba Isa alishushwa msalabani akiwa hai, akafa baadaye kwa kifo cha kawaida na kuzikwa Srinagar katika Kashmir, na kwamba Masihi aliyeahidiwa ni Mirza Ghulam Ahmad wa Qadian nchini India, aliyeishi kati ya 1835 na 1908. Waislamu walio wengi hulikataa fundisho hili kabisa, na pengine hukataa hata kuwaita Waislamu. Msimamizi hana mamlaka ya kuamua jambo hilo. Aseme tu kwamba lipo.

Maswali yatakayokuja

Mkristo atakuuliza: na Isaya 53, penye mtumishi anayeteswa, je? Mrudishe nyuma aanzie 52:13, asome pia 49:3 ambapo mtumishi anaitwa Israeli, kisha umweleze kwamba Rashi, mfasiri mkubwa wa Kiyahudi wa karne ya 11, aliisoma sura hiyo kuwa habari ya taifa zima linaloteswa, ingawa walikuwapo Wayahudi walioisoma kuwa ya Masiya. Baadaye fungua Matendo 8. Towashi wa Ethiopia alipokuwa akisoma maneno yale yale garini mwake alimuuliza Filipo kama nabii alijisemea mwenyewe au alimsemea mtu mwingine. Swali lilikuwapo tangu zamani, na aliyeliuliza hakukemewa.

Mwingine atasema kwamba Wayahudi walimuua Yesu. Usimpuuze wala usimtukane. Mwonyeshe kwamba aliyetoa hukumu ni Pontio Pilato, na kwamba Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika tamko la 28 Oktoba 1965, ulifundisha kwamba mateso ya Kristo hayawezi kuhesabiwa juu ya Wayahudi wote wa wakati ule wala wa leo. Ikiwa msemaji ni mtu wa Lubumbashi, mkumbushe pia habari ya watu wa Rhodes.

Swali la Simon Kimbangu, mhubiri Mkongo ambaye Kanisa la Wakimbangu linatokana naye, litatokea, na hapa mjini lina uzito wa pekee, kwa kuwa alifungwa Élisabethville na kufia humo tarehe 12 Oktoba 1951, miaka 30 baada ya kuhukumiwa kifo, hukumu ambayo mfalme wa Ubelgiji aliigeuza kuwa kifungo cha maisha. Wataalamu wameziita harakati kama yake za kimasiya, na watu huchukua neno hilo na kudhani kwamba Wakimbangu wamembadili Kristo. Kanisa lao humkiri Yesu Kristo. Kilicholeta mabishano na makanisa mengine ni mafundisho ya baadaye yanayomhusisha Kimbangu na Roho Mtakatifu. Basi lijibu swali kwa kutofautisha lugha ya wataalamu na imani ya waumini, na kama yupo Mkimbangu chumbani mwachie yeye.

La mwisho huelekezwa kwako: wewe mwenyewe unasadiki nini? Jibu kwa sentensi moja, bila kuzungukazunguka, useme kwamba ni imani yako na kwamba hukuileta chumbani ili uihukumie ya wengine, kisha umpe neno aliyeinua mkono baada yake.